Naomba mwongozo: kujiunga na mchezo wa uhusika wa malimwengu mengi ambamo wachezaji wenyewe ndio wanaobuni misheni

KivukoBusisi:

Habari zenu wakuu. Nina swali ambalo ningependa walio na uzoefu wa michezo ya uhusika mtandaoni wanisaidie, kwa sababu humu nimeona nyuzi nyingi za michezo ya mpira na ya kupigana lakini za aina hii ni chache mno.

Kuna kundi linalocheza kwa maandishi kwenye seva ya Discord, yaani ukumbi wa kundi ndani ya programu ya kuandikiana mtandaoni, na rafiki yangu aliyeko Leicester, Uingereza, amenikaribisha nijiunge. Mchezo wenyewe ni wa malimwengu mengi. Upo mji mmoja wa katikati ambamo milango ya dunia zote inakutana, na kila mchezaji humleta mhusika wake kutoka dunia yoyote anayoitaka, awe mchawi, rubani wa chombo cha anga za juu, mpiga mkuki wa enzi za kale au mtu wa kawaida kabisa. Hakuna mtu mmoja anayetunga hadithi yote. Kuna chaneli wanayoiita ubao, ambako mchezaji yeyote hubandika misheni, wenzake hujiandikisha, kisha huicheza kwa kuandikiana kwa zamu, na matokeo yake huingizwa katika kumbukumbu za mji, kiasi kwamba daraja lililovunjwa katika misheni ya mwezi uliopita linabaki limevunjika mpaka watokee wengine wa kulijenga. Hilo la daraja ndilo lililonivutia kuliko yote.

Ili nikubaliwe natakiwa nijaze fomu ya mhusika inayoeleza asili yake, uwezo wake, udhaifu wake na kile anachokitafuta, pamoja na aya mbili au tatu za kuonyesha uandishi wangu. Kwanza, naomba kujua ni mhusika wa namna gani anayedumu katika mchezo kama huu. Wazo langu lilikuwa mchawi asiyekufa, anayejua lugha zote na anayeweza kupita mlango wowote, lakini fomu inakikazia sana kipengele cha udhaifu nami sijui nikijaze nini. Pili, je, mgeni anaweza kubandika misheni yake mwenyewe, au ataonekana amekosa adabu? Tatu, wengi wao wako Uingereza na Marekani, mimi niko Mwanza, natumia simu na bando la kujiunga kila wiki. Kiingereza changu ni cha shuleni. Naandika vizuri, ila si kwa haraka. Je, saa na gharama hazitanishinda?

MalengaWaMkesha:

Ndugu KivukoBusisi, karibu sana. Nitalijibu kwa urefu swali lako la kwanza, la pili nitaligusa tu, na la tatu nitawaachia wanaolijua zaidi yangu.

Ni vyema ukafahamu mchezo huu umetokea wapi, kwa sababu asili yake ndiyo inayoeleza kwa nini fomu yao imekaa hivyo. Mwaka 1978 Roy Trubshaw, aliyekuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Essex huko Uingereza, alianza kuandika programu aliyoiita MUD, ambayo Richard Bartle aliiendeleza baadaye, na kwa mara ya kwanza watu waliokaa kwenye mashine mbalimbali wakaweza kutembea pamoja katika dunia ya maandishi matupu. Dunia ile ilitungwa na waandaaji, na mchezaji alikuja kutafuta hazina na pointi. Mwaka 1989 Jim Aspnes wa Carnegie Mellon alitoa TinyMUD, ambamo mkazo ulihama: watu walikuja kuzungumza, na wenyewe ndio waliojenga vyumba na vitu vilivyomo. Kwenye uzao wa TinyMUD ndiko zilikotoka MUSH, ambazo kwa miaka mingi zilikuwa maskani ya watu wanaoigiza uhusika kwa maandishi. Kwa upande wa michezo ya uhusika inayochezwa mezani, Ben Robbins alieleza mwaka 2007 jinsi alivyoendesha kampeni yake (mfululizo wa vikao vya mchezo) ya West Marches, ambayo haikuwa na siku maalumu, haikuwa na kundi la kudumu wala hadithi iliyopangwa. Wachezaji walikubaliana wao kwa wao nani aende, wapi na lini, ndipo wakamjulisha msimamizi. Ubao uliouelezea umerithi kutoka pande zote mbili: dunia inajengwa na wanaoikaa, na safari inaanzishwa na wanaoifunga.

Maana yake ni kwamba katika kundi la namna hiyo hakuna mwenye wajibu wa kukuburudisha. Wanaoisoma fomu yako hawajiulizi kama mhusika wako ana nguvu za kutosha. Wanajiuliza atawapa wenzake kazi gani ya kufanya. Sasa mtazame mchawi wako kwa jicho hilo. Akikuta mlango umefungwa, anaufungua. Akikuta wageni wasioelewana, anawatafsiria. Wakivamiwa, yeye hafi. Wenzake watatu waliojiandikisha katika misheni hiyo watabaki wakimtazama, na mara ya pili hawatajiandikisha tena.

Waliotusimulia habari za Fumo Liyongo hawakulisahau jambo hili. Silaha za kawaida hazikumpata, lakini sindano ya shaba ikichomwa kitovuni ingemuua, na aliyekuja kuitumia siri hiyo alikuwa mwanawe wa kumzaa. Kiondoe kitovu katika kisa kile uone kama kuna kinachobaki: adui hana pa kumshika, mwana hana cha kusaliti, na shujaa anaishi milele bila mtu kuwa na haja ya kumsimulia.

Kwa hiyo kwenye kipengele cha udhaifu andika kitu ambacho mchezaji mwingine anaweza kukishika na kukitumia. "Anaogopa buibui" ni udhaifu wa kujaza fomu tu, kwani pasipo na buibui haupo. "Hajui kusoma maandishi yoyote", au "ana deni kwa mtu ambaye naye yumo mjini", au "hapiti mlango asipokaribishwa na aliye ndani" ni udhaifu unaomlazimisha aende na watu. Hilo la mwisho ningelipenda sana kwa mchawi wako, kama bado una nia naye.

Jambo jingine watakalolitazama katika zile aya zako ni kama unaandika kitendo au unaandika matokeo. Ukiandika "mchawi anamnyang'anya mlinzi ufunguo na kumwangusha chini", na mlinzi ni mhusika wa mtu mwingine, umeshamchezea mwenzako zamu yake. Andika badala yake kwamba mchawi anaurukia mkono ulioshika ufunguo, akiwa ameuegemeza mwili wake wote mbele, kiasi kwamba akikosa atapiga uso ukutani. Hapo mwenzako anaweza kukupa ufunguo, anaweza kukukwepa ukaumia, anaweza hata kuutupa ufunguo mtoni, na kila njia ina hadithi yake. Vilevile, yale unayoyasoma wewe kama mchezaji katika chaneli ambamo mhusika wako hakuwepo, mhusika wako hayajui mpaka aambiwe. Makosa haya mawili ndiyo yanayowafukuzisha wageni kuliko udhaifu wa Kiingereza.

Kuhusu kubandika misheni, ushauri wangu ni kusubiri. Cheza kwanza misheni mbili tatu za wenzako, uone mwendo wao, ndipo ubandike ya kwako.

SaaYaJuja:

Mkuu, mimi nitajibu la saa na bando tu, kwa maana ninacheza na kundi la Wamarekani nikiwa hapa Kiambu.

Huku kwetu tuko saa tatu mbele ya UTC, ile saa ya kimataifa, mwaka mzima, wao wanahamahama. Ikiwa ni saa mbili usiku London, kwako ni saa nne usiku wakati wa kiangazi chao na saa tano usiku wakati wa baridi. Ikiwa ni saa mbili usiku New York, kwako ni saa tisa usiku wakati wa kiangazi na saa kumi alfajiri wakati wa baridi. Jihadhari zaidi na mwezi wa Machi, kwa sababu Marekani husogeza saa Jumapili ya pili ya mwezi huo ilhali Ulaya husubiri mpaka Jumapili ya mwisho, na katikati hapo watu wa kundi moja hupishana hata wao kwa wao. Mwisho wa Oktoba hali hiyo hujirudia kwa muda wa wiki moja. Usiandike saa kwa kukisia. Discord ina alama ya muda ambayo kila msomaji huiona kwa saa ya mahali alipo. Itumie kila unapopanga jambo, maana sisi tuliozoea kuhesabu saa kuanzia jua linapochomoza tunaweza kufikiria saa tatu usiku na kidole kikaandika 3 PM.

Hata hivyo, mchezo wa zamu haukulazimu kukesha. Mtu anaandika aya yake jioni ya kwao, wewe unaijibu asubuhi ukiwa kwenye daladala. Unachotakiwa kuuliza kabla ya kujiandikisha ni kasi ya misheni: zipo ambazo kila mtu hujibu mara moja kwa siku, na zipo za papo hapo ambazo watu hukaa pamoja kwa saa mbili au tatu. Hizo za pili waachie wenye usiku wao. Kwa mwandishi asiye na haraka kama wewe, za kwanza ndizo zako, kwa sababu hakuna atakayejua kama aya hiyo ilikuchukua dakika tano au saa nzima.

Bando halitakushinda. Maandishi ni mepesi. Kinachokula data ni picha, video na vyumba vya sauti, kwa hiyo nenda kwenye mipangilio ukazime picha na video zisijifungue zenyewe. Andika aya yako kwanza kwenye programu ya kuandikia madokezo ndani ya simu, kisha uinakili, kwa sababu mtandao ukikatika katikati ya ujumbe mrefu utapandwa na hasira bure. Na ukumbuke kwamba ujumbe mmoja kwa mtumiaji asiyelipia una kikomo cha herufi 2000, nafasi na vituo vikiwemo; ukizidi hapo ugawe mara mbili.

BintiMaskati:

Asalaam aleykum jamaa. Nakubaliana na Malenga kwa yote aliyosema isipokuwa hilo la mwisho, na naomba nimpinge kwa heshima.

Katika mchezo ambao hadithi ina mwenyewe, ni sawa mgeni kukaa kimya akitazama. Katika mchezo wa ubao, mgeni anayesubiri hugeuka mpambe. Wenyeji wana visa vyao walivyovianzisha zamani, wana madeni, visasi na mapenzi ambayo wewe huyajui, na ukijiandikisha katika misheni yao utapewa kazi ya kushika taa. Si kwa ubaya. Ndivyo inavyokuwa mtu anapoingia katikati ya mazungumzo. Kinachowafanya wakufahamu upesi ni kuwapa wao sababu ya kuja kwako. Kwa hiyo cheza misheni moja ya mwenzako ili ujue desturi za kupokezana zamu, na mara tu itakapokwisha bandika ya kwako. Iwe ndogo. Watu watatu au wanne, mahali pamoja, jambo moja linaloweza kumalizika ndani ya wiki mbili.

Tangazo la misheni halihitaji kuwa refu, lakini mtu akilisoma ajue anaingia wapi: kuna tatizo gani, liko wapi, hatari yake ni ya kiasi gani na kama mhusika anaweza kufa, nafasi ni ngapi, mwendo ni wa zamu kila baada ya muda gani, na mtu asipoandika kwa siku ngapi atarukwa ili wenzake waendelee. Hilo la kurukwa waandikie mapema, tena kwa maneno ya wazi. Misheni nyingi hazivunjwi na ugomvi; hufa kwa sababu mtu mmoja amepata kazi mpya au mgonjwa, zamu imemfikia, na wengine wote wanaona haya kumpita.

Usiuandike mwisho. Nimewahi kujiandikisha katika misheni ya bwana mmoja ambaye tangu mwanzo alikwisha kuamua kwamba mlinzi wa hekalu ni ndugu yake mhusika wake, na kila tulipopata njia ya kupita bila kukutana na mlinzi, ukuta ulianguka, mto ulifurika, mlango ukajifunga. Tulikuwa tukisoma riwaya yake huku tukijifanya tunacheza.

KivukoBusisi:

Nawashukuru nyote kwa kujitoa kuandika kwa urefu namna hii. Nimemwacha mchawi. Nimejaribu kuandika mhusika mpya na misheni yake, naomba mnikosoe bila kunionea huruma kabla sijavitafsiri na kuvipeleka.

Mhusika: Bwire, fundi wa injini za boti kutoka Ukerewe, mwenye umri wa miaka 50. Alipitia mlango bila kujua, usiku wa ukungu, akidhani anaifuata karabai ya boti jingine la dagaa. Uwezo wake ni kutengeneza chochote chenye injini akipewa muda na vyuma, na kusoma upepo na maji. Udhaifu: haoni vizuri pasipo na mwanga mkali, na hasemi hapana kwa mtu aliyemlisha. Anachotafuta ni boti lake, ambalo lilipita mlango mwingine likiwa na vijana wanne waliokuwa wakimtegemea.

Misheni: Ziwa Lisilopata Giza. Katika dunia moja iliyo nyuma ya mlango wa saba kuna ziwa ambalo mwezi wake umegoma kutua. Usiku wote ni mweupe, dagaa hawazifuati karabai, na vijiji vya ufukweni vimeanza kuona njaa. Bwire anatafuta wenzake watatu waende kujua mwezi umeshikwa na nini. Mwishowe watagundua kwamba mwezi umefungwa mnyororo na jini wa kisiwani, na Bwire ataukata mnyororo kwa kutumia injini ya boti. Hatari ya wastani, hakuna kifo bila ridhaa ya mwenye mhusika. Zamu moja kila siku mbili. Atakayenyamaza siku nne atarukwa na anaweza kurudi wakati wowote.

BintiMaskati:

MashaAllah, hii ni kazi nzuri. Wasiojua uvuvi wa dagaa wataipenda kwa sababu ni kitu kipya kwao, nasi tunaojua kwamba wavuvi hutoka wakati wa giza na hupumzika mwezi unapokuwa mpevu tutaona kwamba hukubuni tatizo hewani. Waeleze hilo kwa sentensi moja katika tangazo, kwani mtu wa Leicester hatajua karabai inahusiana vipi na njaa.

Lakini umeuandika mwisho, ndugu yangu, tena umempa Bwire. Futa kuanzia "mwishowe". Wewe mwenyewe ukitaka jini na mnyororo, vibaki kichwani mwako kama jibu mojawapo, na uwe tayari kuviacha. Pengine atajiandikisha rubani wa chombo cha anga ambaye atapaa kwenda kuutazama mwezi wenyewe, na akifika huko ni yeye atakayeandika alichokikuta. Badala ya jibu, weka tangazoni vitu viwili vitatu vinavyoonekana, visivyoelezwa: maji ya ziwa yamepungua upande mmoja tu, mbwa wa vijijini hawabweki tena, kuna kijiji kimoja ambacho hakilalamiki. Hicho cha mwisho nakuhakikishia kila mtu atataka kwenda huko kwanza.

Na jiulize jambo hili mapema: wakishindwa, itakuwaje? Umesema kundi lenu huandika matokeo katika kumbukumbu za mji. Basi mwezi usipotua, wavuvi wale watahamia mjini kupitia mlango wa saba, na soko la samaki la mji litakuwa na watu wapya wenye hasira. Kushindwa namna hiyo kunazaa misheni nyingine tatu.

MalengaWaMkesha:

Nimekubali hoja ya dada yangu wa Maskati kuhusu kubandika mapema, ila kwa sharti lake lile la kucheza misheni moja kwanza.

Kwa Bwire nina marekebisho madogo. "Kutengeneza chochote chenye injini" bado ni kikubwa mno katika mji ambao kuna watu wenye vyombo vya kusafiria baina ya nyota. Mwandike kuwa anazijua injini za dizeli na za mafuta ya petroli, na kwamba zile za ajabu anazielewa kwa kuzibishia hodi: anazisikiliza, anakosea, anajaribu tena. Hapo mwenye chombo cha ajabu atakuwa na mazungumzo naye, badala ya kumkabidhi bisibisi na kuondoka. Udhaifu wa kutosema hapana kwa aliyemlisha usiuguse hata neno. Wiki ya kwanza tu utaona watu wanamletea Bwire sahani za chakula kwa nia mbaya.

Vijana wale wanne usiwape majina wala tabia katika fomu. Waache wazi, ili mchezaji mwingine siku moja akuombe ruhusa ya kumleta mmoja wao mjini.

MlinziWaZamani:

Naona mmegusa mengi ila hamjamweleza mwenzetu habari ya usalama, nami niliwahi kuwa msimamizi wa seva ya namna hii.

Kinachotendwa na mhusika huandikwa na mtu na husomwa na mtu. Katika LambdaMOO, dunia ya maandishi iliyoanzishwa na Pavel Curtis wa kituo cha utafiti cha Xerox PARC, ilitokea mwaka 1993 kwamba mchezaji mmoja akatumia programu kuwaandikia wahusika wa wenzake vitendo vya udhalilishaji wa kingono mbele ya hadhara, bila wao kuwa na uwezo wa kumzuia. Wenye wahusika hao waliumia kwelikweli, ingawa hakuna aliyeguswa mwili. Mjadala uliofuata ndio uliompelekea Curtis kuweka utaratibu wa wachezaji kuwasilisha hoja na kuzipigia kura. Ridhaa unayoiona leo katika kanuni za makundi mengi, ikiwemo hiyo uliyoiandika mwenyewe kuhusu kifo cha mhusika, ina historia ya watu nyuma yake. Kabla ya kuanza misheni, waulize waliojiandikisha ni mambo gani hawayataki kabisa na yapi yapite kwa juujuu bila kuelezwa, na usimtake mtu akupe sababu.

Umri wa chini wa kutumia Discord ni miaka 13, na nchi nyingine zimeweka juu zaidi, kwa hiyo humo utakutana na watoto. Mambo ya watu wazima yakae katika chaneli zilizofungwa kwa watu wazima, na kama kundi halina utaratibu huo, mimi nisingejiunga. Mazungumzo ya mchezo yabaki kwenye chaneli za wazi. Mtu akikuvutia kwenye ujumbe wa faragha akaanza kuuliza unaishi mtaa gani, unafanya kazi wapi, au akataka fedha ili kukupa "nafasi maalumu" katika misheni, mpeleke kwa wasimamizi siku hiyohiyo. Mhusika wako anatoka Ukerewe, hilo halina shida. Wewe unakaa wapi, si habari yao.

Mwisho kwa upande wangu, soma kanuni zao kuhusu programu za akili bandia. Yapo makundi yanayokubali uzitumie kurekebisha sarufi, na yapo yanayokufukuza ukionekana umeziachia ziandike. Kiingereza chenye makosa mawili matatu ambacho ni chako hakijawahi kumfukuzisha mtu katika seva niliyoisimamia.

KivukoBusisi:

Nimeyachukua yote. Nimefuta mwisho, nimeweka kijiji kisicholalamika, na fomu nimeituma usiku wa kuamkia leo. Swali la mwisho kabla sijawaacha mpumzike: nikishabandika, na zikapita siku bila mtu kujiandikisha, nifanyeje? Nitaitoa ubaoni au nitawaomba watu mmoja mmoja?

BintiMaskati:

Usiitoe, na usimwombe mtu kama unayeomba msaada. Mpeleke Bwire mjini. Tafuta chaneli ambamo wahusika hukutana bila misheni, iwe ni mgahawa au kituo cha mlango, umwandike ameingia akiwa na karabai isiyowaka, akiuliza kama kuna anayejua pa kupata utambi wa karabai. Atakayejibu, zungumza naye, na mazungumzo yakifika kwenye ziwa, mwelekeze kwenye ubao. Watu wengi hawajiandikishi kwa kusoma tangazo. Hujiandikisha kwa sababu mhusika wao ameshakutana na wako na wanataka kujua kitakachompata. Pia mwambie rafiki yako wa Leicester ajiandikishe wa kwanza, kwani orodha tupu huwatisha watu kuliko hatari yoyote uliyoiandika. Ikipita wiki mbili bado mko wawili, punguzeni nafasi ziwe mbili na muanze.

SaaYaJuja:

Na mkianza, tarehe ya kuanza iweke kwa ile alama ya muda. Ukiandika "Jumamosi usiku" pekee, kuna mtu wa California atakayefika ikiwa kwako ni Jumapili asubuhi.